Nani Anadaka Siku Hizi?

Masasi,
7 Julai 2024

Mjomba wangu Mohamedi,

Shikamoo.

Nimesikia kwa Stamili, yule muuza vitenge, kwamba simu umeifungia sandukuni na umetangaza kuwa anayekutaka akuandikie, maana umechoka kupigiwa kelele sikioni halafu usiambulie neno. Basi nakuandikia. Mwandiko wangu unaujua, usinicheke.

Mama hajambo. Goti linamsumbua akikaa sana mkekani, lakini juzi alikwenda Chiwata msibani, akarudi analalamika kwamba pilau haikuwa na chumvi. Akishalalamikia chakula cha watu najua mzima. Mdogo wangu Yassini anarudi shuleni Chidya kesho, na viatu vya mwaka jana vimegoma kabisa.

Mjomba, nina habari. Wanachama wa Majabali wamekutana na wamenichagua kuwa katibu mtendaji wa timu. Nilidhani ni utani. Mwenyekiti akasema, "Ziada, wewe uliiendesha netiboli ya wilaya kwa mipira miwili na ukarudi na kikombe. Sisi tunayo angalau mitano." Watu wakacheka, wakanyoosha mikono, ikawa imepita.

Hali yetu unaijua. Msimu uliopita tulinusurika kushuka daraja kwenye mchujo, kwa penalti aliyopangua Ashiru. Yule mnunuzi wa korosho aliyekuwa anatusaidia ameaga. Wachezaji wanalala nyumba ya wageni ambayo mwenyewe sasa hatupokei kwa uso mzuri. Kocha Godwin ni mtu mwema lakini amezoea kuomba, na kila anayemwomba ameanza kumkwepa.

Timu hii mliianzisha nyinyi. Wewe ulikuwa beki wake wa kwanza, na leo mwanao Ashiru ndiye kipa na nahodha. Najiona kama niliyepewa ufagio kwenye nyumba ya mjomba wangu. Niambie, nianzie chumba gani?

Msalimie sana Mama Ashiru.

Mwanao,
Ziada


Mnyambe,
25 Julai 2024

Mpwa wangu Ziada,

Marahaba, marahaba tena. Barua yako ilinikuta chini ya mikorosho naipulizia dawa, na salfa yake imenijaa puani, nikaisoma hapo hapo huku napiga chafya. Mama Ashiru akadhani nalia.

Huku tu wazima. Mikorosho imeanza kutoa maua, Mungu ayalinde. Bomba linatoa maji siku likijisikia. Dada yangu mwambie goti alikande kwa maji ya moto, aache kutembelea misiba ya watu asiowajua kwa ajili ya pilau.

Nimefurahi kwa uchaguzi wako, halafu nikakuonea huruma, halafu nikafurahi tena. Umeniuliza uanzie chumba gani. Anzia jikoni. Mchezaji anayejua atakula nini mchana anasikiliza anachoambiwa asubuhi. Sisi tulianza na muhogo na mbaazi, lakini vilikuwa vinafika kwa wakati.

La pili ni ile kamati ya ufundi, ambayo mimi na wewe tunajua ufundi wake si wa mpira. Zamani zetu ilituambia tusipite getini, turuke ukuta, kwani geti limefungwa na wenyeji wetu kwa mambo yao. Tukaruka. Winga wetu akanasa kwenye chupa zilizopachikwa juu, bukta ikachanika, akacheza kipindi kizima ameishika kwa mkono. Tulifungwa, na mganga wa kamati akasema tulirukia upande usiofaa. Ukiweza kuiondoa, iondoe. Lakini usiicheke. Wapo wanaoitegemea kwa sababu hawana kingine cha kushika.

La tatu, na hili nalisema kwa uzito: usimvue mtu jezi mbele ya wenzake. Mwite pembeni, mwambie, mwache akae na aibu yake mwenyewe mpaka aizoee.

Mwambie Ashiru mama yake anamsubiri. Tangu Idd hajaleta neno, na mimi simu nimeifungia, basi kosa langu nusu na lake nusu.

Mjomba wako,
Mohamedi


Masasi,
8 Septemba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu, na si kwa kukusahau. Naingia ofisini asubuhi na natoka nikiwa sijui hata kama nilikula. Mama anasema nimekonda na ananitumia karanga kwa kila anayepita.

Nilianzia jikoni kama ulivyosema. Wamisheni wametuazima bweni la zamani lililokuwa stoo. Tulilisafisha wenyewe, wachezaji na viongozi, na mwenyekiti alitolewa buibui kwenye kofia. Mpishi ni Yuliana, aliyepika shule miaka mingi. Ugali, maharage, mchicha, samaki siku mbili kwa wiki. Kengele inalia saa ya kula na chakula kipo. Usingeamini jinsi jambo hilo moja lilivyopunguza manung'uniko.

Jingine lilinigombanisha na Kocha Godwin. Wachezaji wetu wengi ni wa hapa hapa, na kila msimu wa korosho unapofika wanatoroka kwenda kuwasaidia wazazi wao kuokota, kisha wanadanganya kuwa wanaumwa. Nikasema tuwape siku zao za shamba, za korosho na za palizi, zijulikane, na mazoezi yaanze alfajiri. Kocha akasema, "Timu ya kulipwa haiendi shambani." Nikamwambia, "Kocha, inakwenda kila mwaka. Tofauti ni kwamba mwaka huu tutajua iko wapi." Alinuna, lakini sasa anaona mahudhurio.

Na kamati ya ufundi imefungwa. Mkutano ulikuwa na maneno, lakini umepita. Fedha zilizokuwa zinakwenda huko zinanunua dawa za misuli na bandeji.

Ligi inaanza. Usajili umekamilika, wengi ni vijana wapya. Yupo mmoja wa Chiwata anaitwa Erasto, mrefu kama mwanzi, mikono mikubwa, haogopi kitu mazoezini.

Wote hawajambo. Tuombee.

Mwanao,
Ziada


Mnyambe,
29 Septemba 2024

Ziada mpwa wangu,

Marahaba. Korosho zimeanza kudondoka. Tunaokota asubuhi na jioni mgongo haunyooki. Mama Ashiru ameshusha sufuria kubwa tena, nyumba imechangamka.

Barua yako nimeisoma, nimeikunja, nimeifungua nikaisoma tena. Habari za bweni zimenifurahisha. Za siku za shamba zimenifurahisha zaidi, na Godwin atakushukuru akishamaliza kununa.

Nina swali moja tu. Nani anadaka siku hizi?

Mjomba wako,
Mohamedi


Masasi,
27 Oktoba 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mama anakusalimu. Kila siku ananiuliza kama nimekujibu, na kila siku namwambia kesho.

Anadaka Erasto.

Sikukuandikia hilo mwezi wa tisa kwa sababu nilitumaini jambo litarekebishika kabla hujalijua. Halikurekebishika, na sasa inabidi ulisikie kwangu.

Siku ya mkutano wa kufunga kamati ya ufundi, wachezaji wote walikuwepo, na viongozi, na Yuliana mlangoni na mwiko wake. Nilipomaliza kusema, Ashiru akasimama. Yeye ni nahodha, ana haki. Akasema, "Dada Ziada, miaka yote hii sijasimama golini bila nguzo zile kushughulikiwa. Ukiliondoa hilo, sisimami."

Nilimwomba tuzungumze baadaye. Akasema, "Hapana, tuzungumze hapa hapa, wenzangu wasikie." Watu walikuwa wananitazama, Mjomba. Wengine walikuwa wanangoja tu nifyate mkia, ili kila nilichokibadilisha kirudi kama zamani. Nikasema, "Kama husimami, basi atasimama mwingine."

Hakubisha. Alivua kile kitambaa cha unahodha alichokuwa amekivaa kwenye fulana yake ya kawaida, akakiweka mezani, akatoka. Tulidhani amekwenda kupunga upepo. Jioni kitanda chake kilikuwa kimetandikwa na begi halipo.

Nimepiga simu yake mpaka imeacha kuita. Nimeuliza Mtwara, nimeuliza Lindi kwa rafiki zake. Sikuuliza kwako. Niliogopa jibu la aina zote mbili, kwamba yupo na kwamba hayupo.

Ulinionya nisimvue mtu jezi mbele ya wenzake. Nilikumbuka maneno yako nikiwa nimeshayatamka yangu.

Na uwanjani mambo si mazuri. Erasto mazoezini ni simba, lakini siku ya mechi krosi ikija anaganda kwenye mstari. Tumefungwa mara tatu kwa kona zinazofanana. Godwin anamfokea, naye anazidi kuganda. Kocha wa makipa hatuna. Aliyekuwa anawafundisha makipa ni Ashiru mwenyewe, bila cheo wala malipo, na hakuna aliyewahi kuliona hilo, mimi nikiwemo.

Kama unajua alipo, niambie tu kama anakula.

Ziada


Mnyambe,
10 Novemba 2024

Mpwa wangu mpenzi,

Marahaba. Futa machozi kwanza. Nakujua, ukiandika barua ndefu unakuwa umelia ndefu kuliko hiyo.

Anakula. Yuko hapa, tangu wiki ile ile. Alifika na begi lake, akamwamkia mama yake, akaniamkia, akasema amekuja kusaidia korosho. Akaniomba nisikwambie. Mimi ni baba yake na ni mjomba wako; nimekaa katikati yenu kama mwiba kwenye unyayo. Niliona nisubiri mpaka uandike mwenyewe. Nilikuuliza nani anadaka kwa sababu sikujua njia nyingine ya kukugongea mlango.

Sasa nitakwambia jambo ambalo aliniomba nisilitamke kwa yeyote, na akikasirika atakasirika na mimi.

Wiki ya kwanza alikuwa anaokota kwa mkono mmoja. Nikadhani ni uvivu wa mjini. Siku moja tukapakia magunia kupeleka kwenye ghala la chama cha msingi. Akajaribu kuinua gunia, likamshinda njiani, akalitupa na kukaa chini, amefumba macho, jasho linamtoka. Nikamshika bega akaniondoa mkono. Mama yake akaja. Kwa mama yake hakuweza kudanganya.

Ziada, bega hilo aliliumiza kwenye ile penalti ya mchujo. Penalti iliyowabakiza kwenye daraja ndiyo iliyomvunja. Hakusema, kwa kuwa kipa mwenye umri wake akisema bega limekwisha, anapewa mkono wa kwaheri na fulana ya ukumbusho. Akapumzika mwezi mzima akidhani litapona. Halikupona. Mazoezi yalipoanza akawa anadaka kwa kuficha. Basi siku ya mkutano wenu alikuwa anatafuta pa kutokea. Nguzo na dawa zake zilikuwa mlango tu. Angeweza kusema hasimami kwa sababu jua kali, ingekuwa sawasawa.

Kwa hiyo neno lako lilikuwa kali, siwezi kusema halikuwa. Lakini usilibebe lote. Sehemu yake alilibeba yeye kutoka kwenye mchujo.

Hataki hospitali. Anasema korosho ziishe kwanza. Usije bado.

Mama Ashiru anakutumia mabibo makavu. Anasema hana kinyongo, ila angependa kukupiga kofi moja dogo na kukupakulia ugali.

Mohamedi


Masasi,
1 Desemba 2024

Mjomba,

Shikamoo, na shikamoo nyingine kwa Mama Ashiru. Kofi lake nitalifuata mwenyewe.

Barua yako niliisoma ofisini, nikafunga mlango. Niliukumbuka ule mchezo wa mchujo. Nilikuwa jukwaani. Tulimbeba Ashiru juu juu, tukamzungusha uwanja mzima, na yeye anacheka ameuma meno. Tulimbeba kwa bega lile lile.

Nimefanya jambo moja na nataka ulijue kutoka kwangu. Niliitisha mkutano, viongozi na wachezaji. Sikumtaja Ashiru kwanza. Nikasema nataka liwe sharti la timu: anayeumia akiichezea Majabali ni wetu mpaka apone, awe kwenye mkataba au ametoka, na matibabu yatangulie mambo mengine yote. Mjumbe mmoja akauliza, "Na aliyetoroka kambi?" Akawa amemtaja yeye. Nikajibu, "Hata huyo. Aliumia bega kabla hajatoroka."

Ubishi ukawaka. Tuna vitu vichache, kila tunachokiweka huku tunakitoa kule. Wakauliza fedha za matibabu zitatoka wapi. Nikasema kwenye basi la kukodi. Safari za ugenini tupande basi la abiria kama watu wengine, tuondoke siku moja mapema. Kocha Godwin akasema wachezaji watafika wamechoka, na ni kweli watafika wamechoka.

Ndipo Erasto, ambaye tangu ameanza kufungwa haongei na mtu, akasema kutoka nyuma, "Leo ni bega la kaka Ashiru. Kesho ni goti langu. Mimi nitapanda basi la abiria." Wakaanza kunyanyua mikono mmoja mmoja. Godwin alinyanyua wa mwisho, lakini alinyanyua.

Kwa hiyo hospitali ipo tayari kumpokea, na sisi tutasimamia. Mwambie hii si fadhila yangu, ni sharti la timu, na yeye ndiye wa kwanza kulitumia kwa sababu ndiye wa kwanza kuumia.

Nakuja kabla ya Krismasi, uniruhusu usiniruhusu.

Mwanao,
Ziada


Mnyambe,
12 Januari 2025

Ziada,

Marahaba mpwa wangu, na heri ya mwaka. Mvua imekaa vizuri. Mahindi yamefika magotini, kunde zinatambaa. Salamu zako kwa majirani nimezifikisha, isipokuwa kwa wale ambao hatusemeshani.

Samahani kwa siku ile uliyokuja. Ashiru alijua unakuja, akaamka akaenda shamba la mbali ambalo halikuwa na kazi yoyote. Aliporudi alinuia kuuliza ulikaa muda gani, lakini akauliza kama mbuzi wamekunywa maji.

Hospitali alikwenda. Mama yake ndiye aliyemtoa nyumbani, mimi nilikaa pembeni. Daktari alikuwa mtu mpole, alimweleza taratibu. Bega litapona kwa kazi za kawaida, kwa kulima, kwa kubeba mtoto Mungu akijalia. Kudaka kwa ushindani, hapana. Ashiru akasema, "Asante, daktari," kama aliyeambiwa ni saa ngapi. Tulipofika nyumbani aliziosha glovu zake, akazianika, akazikunja, akampa mama yake aziweke.

Ile kazi uliyoniachia nimwambie, ya kufundisha makipa, nilimwambia. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Baba, kazi ya kuhurumiwa siitaki." Usimlazimishe. Mtu akivuliwa kitu alichokivaa tangu ujana anahitaji kukaa bila nguo kidogo.

Mohamedi


Masasi,
23 Machi 2025

Mjomba wangu,

Shikamoo, na Ramadhani njema. Mama anafunga na goti lake, anasema goti halimo kwenye hukumu. Futari yetu ni ming'oko ya kuchimba porini na chai, tunakukumbukeni kila jioni.

Sikukujibu haraka. Jambo la Ashiru sina la kuongeza, nimeliacha kama ulivyosema. Nakuandikia kwa habari nyingine, labda zitakufurahisha.

Erasto amebadilika. Sijui nini kimempata. Tangu mwezi wa pili krosi ikija anatoka, anapiga kelele "Yangu," anaukwapua mpira juu ya vichwa vya watu. Godwin anadai ni kazi yake. Nilimwuliza Erasto mwenyewe, akatazama viatu, akasema, "Siku za shamba zinanisaidia, dada." Nikamwambia shamba la kwao nalijua, halina goli. Akacheka akaondoka.

Hata hivyo tuko pabaya. Yale mabao tuliyofungwa mwanzo yametuacha mkiani na tunapanda polepole. Inaonekana mechi ya mwisho, hapa nyumbani mwezi wa tano, ndiyo itakayoamua kama tunabaki au tunashuka. Tukishuka, Mjomba, bweni litarudi kuwa stoo, na watu watasema tuliishusha timu kwa sababu tuliwapa wachezaji maharage na siku za kuokota korosho. Na wale wanaongojea kamati ya ufundi irudi watakuwa na la kusema.

Njoo siku hiyo. Kiti chako kipo jukwaani. Huhitaji masikio kutazama mpira.

Ziada


Masasi,
18 Mei 2025

Mjomba,

Shikamoo. Barua yangu ya Machi hukuijibu, na jana ulikuja na ukaondoka bila kuniaga. Mama alikuwa amekuchinjia jogoo. Tumekula kwa huzuni, lakini tumekula.

Tumebaki. Najua ulikuwepo, lakini nataka kuliandika neno hilo kwa mkono wangu. Tumebaki.

Siri yangu ni kwamba mwisho wa kipindi cha pili sikuutazama. Zilipobaki dakika chache na wao wakapata kona, moyo ulinishinda, nikaenda nyuma ya vyumba vya kubadilishia nguo, nikaegemea ukuta na kufunga macho. Nilisikia kelele tu, sikujua ni za nani. Niliporudi watu walikuwa uwanjani wanarukaruka. Nikamwona Ashiru kwa mbali, nyuma ya goli letu, anabishana na Kocha Godwin. Nilitaka kwenda, watu wakanizingira, na nilipojinasua hamkuwepo, wewe wala yeye.

Niandikie ilikuwaje. Na niambie walikuwa wanagombana nini, kwa sababu Godwin hataki kusema.

Ziada


Mnyambe,
25 Mei 2025

Mpwa wangu Ziada,

Marahaba, na pole kwa jogoo. Niliondoka kwa sababu gari la Newala halingoji, na kwa sababu uso wangu ulikuwa umelowa na sikutaka dada yangu auone.

Nilikaa kimya tangu Machi kwani nilikuwa nimewekewa amana. Sasa mwenye amana ameniruhusu, basi sikiliza.

Erasto alikuja hapa mwezi wa pili, siku yake ya shamba, akiuliza nyumba ya Mzee Mohamedi. Mtu mrefu, kainama mlangoni. Alimwamkia Ashiru akasema, "Kaka, naganda. Sijui nifanye nini." Hakusema pole ya bega, hakusema rudi, hakusema Dada Ziada anakusalimu. Ashiru akamtazama. Akamuuliza, "Unaganda krosi ikitoka kushoto au kulia?" Wakatoka nje. Mimi nikabaki na jembe langu nawatazama wakipima goli kwa matofali kati ya mikorosho. Akawa anakuja kila siku yake ya shamba. Palizi yangu alinisaidia kidogo, ili asiwe mwongo.

Sasa mechi. Mimi kwenye kelele sisikii, kwa hiyo naitazama kama mtu anayetazama mvua kwenye kioo. Ashiru hakukaa na mimi. Alikwenda nyuma ya goli, akasimama kwenye uzio, bega lake kalilaza kama mtoto. Ilipofika ile kona uliyoikimbia, nilimwona ananyoosha mkono wake ulio mzima na kumwonyesha Erasto asogee mbele, atoke kwenye mstari. Erasto akasogea. Godwin akaona, akaanza kurukaruka kwenye benchi, anapunga mikono kwamba rudi, rudi. Erasto hakurudi. Mpira ukaja juu, watu wakapanda kama mchwa, na mikono miwili ikatoka juu yao wote na kuuchukua. Alianguka nao chini na hakuuachia. Refa akapuliza muda si mrefu baadaye.

Watu wakaingia uwanjani. Godwin hakusherehekea. Alivuka kwenda nyuma ya goli kwa hasira, akasimama mbele ya Ashiru. Sikusikia neno hata moja, lakini niliona mikono. Godwin anaonyesha mstari wa goli. Ashiru anaonyesha nguzo ya mbali. Godwin anajishika kichwa. Ashiru anachora kwa kidole hewani, wapi mpira ulitoka, wapi ulikuwa unakwenda. Godwin anachora wake. Watu wanawapita, wanawamwagia maji, wao hawana habari.

Nikasimama pale nikamtazama mwanangu. Tangu aliporudi nyumbani, kila mtu amekuwa anazungumza naye kwa sauti ya hospitali, mimi wa kwanza. Hakuna aliyembishia. Na mtu unayemwonea huruma humbishii namna ile, Ziada.

Gari likatutoa Masasi, likaanza kupanda mlima. Kisha akanisogelea kwenye sikio langu lenye nafuu, akasema, "Baba, Godwin hajui kona." Akasema tena, "Lakini anauliza vizuri."

Wiki nzima amekuwa anajibishana na yule kocha kichwani, namwona midomo inamchezea. Jana alimwomba mama yake zile glovu.

Barua hii anakuletea yeye mwenyewe. Ana masharti yake: anataka kufundisha makipa wa timu ya vijana pia, na msimu wa korosho apewe siku zake za shamba kama wengine, maana mimi nazeeka. Mimi nimemwambia sina mamlaka, akuone wewe. Kuhusu yale mliyoambiana mkutanoni, yeye hatayaanza na wewe utayaanza, nawajua wote wawili tangu mnapigania kiti kimoja kwenye kibaraza changu.

Mpe maji kwanza. Ametoka mbali.

Mjomba wenu,
Mohamedi